Delhi na Mgonjwa Wako: Nani Kamfuata Mwenzake?

Maneno haya niliyasema Jumamosi hapa Mombasa, mbele ya familia zinazojiandaa kupeleka wagonjwa wao India. Nimeyaandika yote kwa ajili ya waliokosa kufika.

Assalaam aleykum, wazee wangu. Hamjambo, mama zangu na ndugu zangu? Walio nyuma wasogee, viti vya mbele bado vipo.

Nimeombwa nizungumze juu ya safari ya Delhi. Habari za upasuaji nawaachia madaktari. Mimi nazungumza yale yanayompata mtu nje ya mlango wa hospitali: uwanja wa ndege, ndani ya teksi, stesheni, dukani, barabarani usiku. Nimesindikiza wagonjwa kwa muda mrefu, na jambo linaloniuma ni hili. Familia inajiandaa mwaka mzima kwa ajili ya operesheni. Inafanya harambee, inauza kiwanja, inakopa. Lakini kwa ile saa ya kwanza mjini, haijajiandaa hata kidogo. Na ndani ya saa hiyo ndipo pesa za harambee zinapoanza kuvuja.

Nisieleweke vibaya. Delhi ni mji wa watu zaidi ya milioni 20, na karibu wote wana shughuli zao, wanawahi kazini, wanawahi watoto shuleni. Hawana habari na wewe. Wenye habari na wewe ni wachache, na hao wanajua ndege yako inatua saa ngapi.

Kwanza makaratasi, na hapa nitapita haraka. Sisi tunaotoka Kenya, India inatudai hati ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuingia. Ukifika bila hati unaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Nani kati yenu ana mgonjwa wa kukaa karantini siku 6? Aliyechanjwa zamani asiwe na wasiwasi, tangu 2016 hati hiyo ni ya maisha. Ila ibebe mkononi, isiwe ndani ya begi lililopakiwa.

Viza nayo: mgonjwa anaomba ya matibabu, na wasindikizaji wawili wanaweza kuomba ya kwao kwa jina lake. Usiende kutibiwa kwa viza ya utalii ukidhani umeokoa muda. Na mkiomba kwenye mtandao, hakikisheni anwani ya tovuti inaishia na gov.in. Ziko tovuti zilizopambwa kwa bendera na nembo, ukilipa humo umemlipa dalali.

Sasa tuingie mjini.

Nataka kila mmoja wenu aondoke hapa na swali moja kichwani. Mtu akikusemesha Delhi, kabla hujamjibu, jiulize: nani kamfuata mwenzake? Mimi nimemfuata yeye, au yeye kanifuata mimi? Ukimfuata wewe, ukamchagua mama na mwanawe, au mwenye duka la dawa, au askari aliye kazini, ukamuuliza njia, mara nyingi sana utasaidiwa kwa moyo safi. Nimewaona wakiacha biashara zao kumpeleka mgeni hadi mlangoni. Lakini aliyekufuata yeye, akakuita rafiki, akakuuliza umetoka nchi gani, na hii ni mara yako ya kwanza India? Huyo ana lake.

Hebu niwape kisa. Familia moja ya hapa pwani, mama mgonjwa na wanawe wawili, walitua Delhi usiku wa manane. Walikuwa wamelipia nyumba ya wageni karibu na hospitali. Nje ya uwanja kijana nadhifu akawapokea mabegi, akawaingiza kwenye gari. Njiani dereva akawaambia mtaa wanaokwenda umefungwa, kuna vurugu. Wakasema hapana, tumeshalipia. Akasema basi tuwapigie simu. Akapiga yeye, kwa simu yake. Upande wa pili mtu akajibu kwa Kiingereza kizuri: samahani, nafasi yenu imefutwa, nyumba imejaa. Mama yuko nyuma anatetemeka kwa homa. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Wakakubali kupelekwa kwingine. Wakalipa mara nne ya bei. Asubuhi wakapiga wenyewe ile namba iliyokuwa kwenye karatasi yao. Mwenye nyumba akawaambia: nimewasubiri hadi alfajiri, mtaa huu haukufungwa.

Mnaona ilivyofanyika? Aliyejibu simu alikuwa mwenzake. Hii ni hila ya zamani sana pale Delhi, wazungu wanafanyiwa, Wajapani wanafanyiwa, na sisi pia. Mtaa umefungwa. Hoteli imeungua. Kuna maandamano. Kuna sherehe, barabara hazipitiki. Maneno hubadilika, gari huishia pale pale, mahali ambapo dereva analipwa kamisheni kwa kukufikisha.

Kwa hiyo mfanye hivi. Ukishatoka nje ya jengo la uwanja wa Indira Gandhi, walinzi hawakuruhusu kurudi ndani bila tiketi ya ndege. Basi mambo yako yamalize humo humo kabla hujavuka ule mlango. Badilisha pesa kidogo tu, za kukufikisha na kula, maana bei yao pale si nzuri. Tafuta laini ya simu. Kisha nenda dirisha la teksi za kulipia kabla, lile la polisi wa usalama barabarani wa Delhi. Unalipa dirishani, unapewa risiti. Na sikilizeni hapa: ile risiti usimpe dereva mpaka umeshuka, na mabegi yameshuka, na umeiona nyumba yako kwa macho. Risiti ndiyo inayompa yeye pesa yake. Maadamu iko mkononi mwako, atakupeleka unakotaka. Akisema nyumba imefungwa, mwambie sawa, nipeleke nikaione ilivyofungwa.

Kama ndege inatua mchana na mgonjwa anaweza kutembea, kuna treni ya metro toka uwanjani hadi stesheni ya New Delhi, kama dakika 20, safi na haina wa kubishana naye. Ila kwa mgonjwa dhaifu mimi nasema teksi.

Na nyumba ya wageni yenyewe, ulizeni kabla: mnapokea wageni wa nje? Sheria ya India inamtaka mwenye nyumba apeleke taarifa za kila mgeni wa nje serikalini ndani ya saa 24. Vijumba vingi vidogo havitaki kazi hiyo, vitakukataa mlangoni na mizigo yako. Huo si ubaguzi peke yake, ni makaratasi. Mitaa iliyozoea wagonjwa wa nje, kama Hauz Rani kule Saket, haina shida hiyo, na chakula cha halali kipo hatua chache.

Tumefika mjini. Tumelala. Asubuhi tunakwenda hospitali. Je, yule anayetufuata amebaki uwanjani?

Hapana, mama zangu. Yuko pia kwenye ngazi za hospitali. Na huyu ndiye ninayemchukia zaidi, kwa sababu yule wa teksi anakula nauli yako, huyu anakula operesheni. Dalali wa wagonjwa ana kadi ya biashara, ana tai, pengine anajua salamu za Kiswahili. Anakwambia daktari uliyemfuata amehama, au amesafiri, au ana foleni ya miezi miwili. Njoo nikupeleke kwa mwingine, hodari kuliko yeye. Huko anakokupeleka analipwa asilimia, na ile asilimia itaingia kwenye bili yako.

Mzee mmoja wa Likoni alikuwa na barua ya daktari wake, imeandikwa tarehe na saa. Akaambiwa mlangoni kwamba daktari yuko likizo. Mzee yule, Mungu amzidishie, akasema tu: mwanangu, mimi nimetoka mbali, wacha nikahakikishe mwenyewe. Akapanda ghorofani. Daktari alikuwa amekaa, anamsubiri.

Hiyo ndiyo dawa. Hakikisha mwenyewe. Hospitali kubwa zote zina dawati la wagonjwa wa kimataifa. Waandikie kabla hujasafiri, wewe mwenyewe, kwa anwani iliyo kwenye tovuti ya hospitali. Omba makisio ya gharama kwa maandishi: upasuaji kiasi gani, siku ngapi kitandani, vipimo vimo au havimo, na ikitokea shida nini kinaongezeka. Andikieni hospitali mbili, mlinganishe. Atakayewaambia hapa hapa Mombasa kwamba yeye ndiye njia pekee ya kumfikia daktari, muulizeni analipwa na nani. Muulizeni mbele ya watu.

Kwenye dawa kuna jambo zuri ambalo wengi hawalijui. India, kila bidhaa iliyofungwa, kuanzia chupa ya maji mpaka bamba la vidonge, imechapishwa bei ya juu kabisa inayoruhusiwa kisheria, kodi ikiwa ndani. Tafuta herufi tatu: MRP. Mwenye duka hana ruhusa ya kupita hapo. Basi bei ya dawa haina ya kubishana: geuza bamba, soma. Uliza pia maduka ya serikali ya dawa za bei nafuu, yanaitwa Jan Aushadhi. Dawa nyingi za kuendelea nazo baada ya kutoka hospitali utazikuta huko kwa bei ya chini sana, ila mwonyeshe daktari wako kwanza.

Pesa. Sisi tumezoea kulipa kila kitu kwa M-Pesa. Utafika Delhi, utaona hata muuza chai ana kile kibao cha kuskani kwa simu, utadhani uko nyumbani. Mfumo wao kwa kawaida unataka akaunti ya benki ya kule, kwa hiyo mgeni ajipange na noti. Beba noti ndogo ndogo. Noti iliyochanika watu wanaikataa, nawe ikatae hapo hapo ukipewa. Na mwezi wa Novemba 2016 serikali yao ilifuta noti za zamani za rupia 500 na 1,000 kwa usiku mmoja. Aliyewahi kwenda zamani akahifadhi chenji yake kabatini, noti hizo hazina kazi tena, na bado kuna anayeweza kumbambikia mgeni.

Tena, unapolipa, taja noti kwa sauti. "Hii ni mia tano." Sema ukiwa bado umeishika. Kuna wenye mikono myepesi: unampa mia tano, anainama, anainuka na noti ya mia, anakwambia umenipa mia. Ukishaitaja kwa sauti mbele ya watu, mchezo umekwisha.

Wako wanaotaka, mgonjwa akipata nafuu, kwenda mji wa Agra kuliona jengo maarufu la Taj Mahal. Nendeni, ni haki yenu, mmeteseka vya kutosha. Ijumaa haifunguliwi kwa watalii, panga siku nyingine. Bei ya mgeni ni kubwa kuliko ya raia, na hiyo ni bei halali ya serikali, kama tulivyo hapa Fort Jesus, msigombane na wa dirishani. Tiketi ya treni ndiyo penye mtego. Stesheni ya New Delhi ina ofisi ya watalii wa kimataifa, ghorofa ya kwanza, upande wa Paharganj, unakwenda na pasi yako. Ukiikaribia ngazi atatokea mtu akwambie ofisi imehamia Connaught Place, au imeungua. Nani kamfuata mwenzake? Panda ngazi. Na mtu akikuzuia mlangoni eti akague tiketi, kwa kawaida tiketi hukaguliwa ndani ya treni. Ukitaka mpagazi, mchukue mwenye shati jekundu na beji ya shaba mkononi, mpatane bei kabla hajainua begi.

Nije kwenye mwili, maana huko hakuna wa kubishana naye.

Maji. Ya bomba msinywe, msipigie mswaki. Chupa iwe na kizibo kisichofunguliwa, na ukimaliza iponde, kwa sababu chupa nzima hujazwa tena ikauzwa. Barafu achaneni nayo. Najua watu wa Mombasa tunavyopenda vya barabarani. Utafika soko la Chandni Chowk, utaona bhajia zinatolewa mafutani. Kula, zikiwa moto. Lakini pani puri, vile vimkate vidogo vinavyojazwa maji ya ukwaju, yale maji yametoka wapi? Msindikizaji akianza kuhara, mgonjwa amebaki na nani? Bebeni pakiti za chumvi za kurudisha maji mwilini toka hapa.

Hewa. Hili ulizeni daktari kabla ya kukata tiketi. Kuanzia mwisho wa Oktoba hadi Januari hewa ya Delhi huwa mbaya sana. Wakulima wa majimbo ya Punjab na Haryana wanachoma mabua, kuna moshi wa magari na viwanda, Diwali ina fataki zake, na baridi inalaza yote chini yasipande. Kipimo cha serikali cha uchafu wa hewa kinaishia 500, na kikipita 400 wao wenyewe wanaita hali kali. Kuna siku huoni jengo lililo ng'ambo ya barabara. Mgonjwa wa kifua au wa moyo kama anaweza kungoja Februari au Machi, basi daktari aamue hivyo mapema. Kama hawezi, barakoa nzuri ya N95, na asitembezwe asubuhi. Mei na Juni nako kuna joto, hupita nyuzi 45, na si joto letu la baharini, ni joto kavu la kuchoma.

Mbwa. Mitaa ya Delhi imejaa mbwa wasio na mwenyewe, mchana wamelala, usiku wanalinda mtaa wao. Kijana mmoja aliyekwenda kumuuguza mamake aling'atwa kidogo tu mguuni akitoka kununua maziwa. Akafunga kitambaa, akasema nisiwasumbue. Ndugu zangu, zaidi ya theluthi ya vifo vyote vya kichaa cha mbwa duniani hutokea India. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili, karibu hakuna anayerudi. Bahati yake muuguzi wa wodi aliliona lile jeraha siku hiyo hiyo akamvuta kwa mkono hadi kwenye chanjo. Ukiumwa, hata mkwaruzo: sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Na nyani wanaopita juu ya kuta, usiwape kitu, usiwakenulie meno.

Sasa la mwisho, na hili ni zito. Nimeambiwa na baadhi yenu nisiliseme, nisiwatie watu hofu. Nitalisema, kwa sababu wanaokwenda ni watoto wetu.

Mtakodolewa macho. Mtapigwa picha bila kuombwa, watoto watashikwa nywele. Sehemu kubwa ya hayo ni ushamba wa kutomwona Mwafrika, anayetaka picha mruhusu ukipenda, mkatalie usipopenda. Lakini kuna kingine zaidi ya ushamba. Januari 2014, kule mtaa wa Khirki, Delhi, waziri mmoja wa serikali ya mji aliongoza watu usiku kuwavamia wanawake wa Uganda kwa tuhuma za mitaani. Mei 2016, kijana wa Kongo aliyekuwa akifundisha Kifaransa aliuawa kwa kipigo mtaa wa Vasant Kunj, Delhi hiyo hiyo. Ugomvi ulianza juu ya nani achukue tuktuk. Tuktuk! Mtoto wa watu aliuawa kwa ajili ya tuktuk.

Kwa hiyo nawaomba, vijana hasa. Usiku, tuktuk ikigombaniwa, iachieni. Wakikuita jina la kukudharau ukiwa peke yako na wao ni kundi, ingia dukani, ingia hotelini, ingia kwenye mwanga. Sisemi mnyamaze. Nasema mlalamike mkiwa salama: namba ya polisi ni 112, namba ya msaada wa wageni ni 1363, usiku na mchana, na ubalozi wetu uko pale pale New Delhi. Toeni ripoti, chukueni karatasi yake. Usiku tumieni gari la kuitwa kwa programu ya simu, jina la dereva na namba vinabaki, na mpelekeeni mtu picha yake. Kina mama na dada, kwenye metro behewa la kwanza ni la wanawake peke yao. Ingieni humo, mtapumua.

Na msije mkawaweka wote kapu moja. Alipofariki mgonjwa mmoja wa Malindi, aliyekesha na mjane wake alikuwa mama wa Kihindi wa nyumba ya jirani, hawakuwa na lugha moja. Alimpikia, akamfulia. Na nani alimfuata mwenzake pale? Mama yule alibisha hodi yeye. Swali langu linakulinda mtaani, kwa mtu asiyekujua. Jirani aliyekuona unapanda ngazi na dawa wiki nzima, huyo mfungulie mlango.

Wenye safari mwezi huu wabaki, waje mbele na pasi, hati ya chanjo na barua ya hospitali, tupitie moja moja. Ambao hawajapata makisio ya maandishi, tutaandika barua pepe hiyo leo, hapa hapa, kabla hatujakwenda kula.